Pole kwa Kijerumani

Darasa la Bwana Rudieni liko juu ya duka la fundi cherehani. Ili ulifikie ni lazima upite katikati ya cherehani mbili na uiname chini ya kamba ya suruali zinazosubiri wenyewe, ndipo ukutane na ngazi. Ngazi ni ya mbao na ina kelele, kwa hiyo mwanafunzi anayechelewa hutangazwa na miguu yake mwenyewe. Chumba kina mabenchi, ubao mweusi uliochubuka katikati, na dirisha linaloleta mlio wa cherehani na ubishi wa wateja wa chini kuhusu upana wa viuno vyao. Juu ya mlango kuna kibao chenye maandishi ya bluu: "Kijerumani cha Kutumia." Watu humuuliza kama kuna Kijerumani kisichotumika. Huwajibu kwa uso mkavu kwamba kipo, na kinafundishwa kwingine.

Jina lake halisi wanalijua mkewe, dada yake na waliomtengenezea kitambulisho. Sisi wengine tunamwita Bwana Rudieni kwa sababu hilo ndilo neno lake la kazi. Husoma sentensi, huinua kidole na kusema, "Rudieni," nasi tunarudia. Tukikosea, "Rudieni." Tukipatia, "Rudieni tena, isije ikawa bahati." Mkewe, ambaye hana breki mdomoni, husema kuwa nyumbani kuna kitu kimoja tu ambacho mumewe harudii, nacho ni kuosha sahani.

Hafundishi sarufi. Anaamini kwamba mtu mwenye kiu hana haja ya kujua nomino ni nini. Ana haja ya kujua maji yanaitwaje. Kila somo lina maneno machache ya vitu vinavyoshikika, kama ufunguo, taulo, kikombe na dirisha, kisha sentensi za kuyavalisha maneno hayo. Kwa hakika ni njia nzuri. Nimewaona watu walioshindwa na vitabu vinene wakishuka zile ngazi wanazungumza. Kasoro yake ni moja, na inatokana na maisha ya mwalimu mwenyewe.

Kabla ya ualimu alikuwa mapokezi, katika hoteli iliyopendwa na watalii wa Kijerumani. Alianza kwa kubeba mizigo, akasogezwa kaunta kwa sababu ya tabasamu lake, na pale ndipo alipokiokota Kijerumani chake chote, sentensi moja baada ya nyingine, kama mtu aokotavyo vifungo vilivyomwagika sakafuni. Hoteli ilipouzwa na kugeuzwa ghala la vigae, alibaki na lugha nzima ya kaunta na hana wa kumsemesha. Ndiyo akafungua darasa. Matokeo yake ni kwamba wanafunzi wake wote, wawe madereva, wauguzi au mafundi bomba, huzungumza Kijerumani kama watu wa mapokezi. Kinyozi mmoja aliyesoma hapa alipata kazi ughaibuni. Mteja wake wa kwanza alipokaa kitini, kinyozi alimfunga kitambaa shingoni, akatabasamu, akamuuliza atalala kwao siku ngapi.

Mwanafunzi aliyemtoa mwalimu jasho kuliko wote, hata hivyo, alikuwa dada yake wa tumbo moja.

Dada huyu alimtangulia kuzaliwa na hajawahi kumruhusu asahau. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi mpaka alipostaafu. Ni mjane, na ana mtoto mmoja tu wa kiume, ambaye alikwenda kwa Wajerumani kusomea ufundi wa mitambo, akapata kazi, kisha akapata mke. Harusi ilifanyika hukohuko. Mama aliitazama kwenye simu, na picha ilikuwa ikiganda kila bibi harusi alipofungua kinywa. Sasa kijana alikuwa amepiga simu kusema kwamba yeye na mkewe wanakuja kukaa mwezi mzima.

Dada alipanda ngazi asubuhi moja tukiwa katikati ya somo la taulo. Aliingia bila hodi, akaketi benchi la mbele na mkoba wake mapajani.

"Dada," Bwana Rudieni akasema, "tuna kipindi."

"Nimeona. Endelea. Nimekuja kusoma."

"Wewe? Kijerumani?"

"Kwani kina umri?"

"Si umri. Mwanao anakuja na mkewe, na anazijua lugha zote mbili. Atakutafsiria."

Dada aligeuka, akatuangalia sote, kana kwamba anahesabu mashahidi. "Nisikilize, mdogo wangu," akasema. "Nina mtoto mmoja. Huyu mkewe ndiye binti niliyempata nikiwa nimeshakata tamaa ya kupata binti. Sasa nizungumze naye kwa mdomo wa mumewe? Mwanamke atamwambia mama mkwe wake neno gani la maana, na mpitishaji wa neno ni mume? Watakaa hapa mwezi, watanipiga picha, wataondoka, na mimi na yeye hatutakuwa tumejuana. Baada ya hapo nitakuwa sauti kwenye simu ya watu. Nataka nizungumze naye mimi mwenyewe. Mengine baki nayo."

Chini cherehani ilinyamaza, nadhani uzi ulikatika.

"Basi, rudieni," Bwana Rudieni akasema. Kisha akajisahihisha. "Yaani, rudia."

Dada alikuwa mwanafunzi mgumu kwa sababu alikuja akijua anachotaka. Sisi wengine tulipokea kila tulichopewa. Yeye alichagua kama anayechagua nyanya. "Karibu" alikubali. "Umelalaje" alikubali, tena akaisifu. Lakini siku mwalimu alipoandika ubaoni kwamba kifungua kinywa huandaliwa hadi saa nne, dada aliweka kalamu yake chini.

"Hiyo sisemi."

"Ni sentensi nzuri, Dada. Ina chakula ndani, ina na saa."

"Nyumbani kwangu chai ipo mchana kutwa. Unataka binti wa watu anione mchoyo? Itoe hiyo saa nne."

"Haitoki."

"Kwa nini haitoki?"

Bwana Rudieni alijifuta mikono. "Nikiitoa saa nne," alikiri, "sina uhakika kama yale mengine yatasimama."

Siku iliyofuata alikuja na dai jipya. "Leo nipe pole."

"Pole ya nini? Umeumwa?"

"Neno, we mtoto. Pole yenyewe. Kwa Kijerumani inaitwaje?"

Bwana Rudieni aliinua kidole, akakishusha. "Kwani ni lazima?"

"Unaniuliza mimi kama pole ni lazima? Mtu ametoka safari, amesimama mlangoni na mizigo, nimwambie karibu tu, kama muuza duka? Mdogo wangu, nimekaa wodini mpaka miguu ikavimba. Mwanamke ana uchungu, dawa huna, daktari hajafika, una nini mkononi? Una pole. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Mengine yote nilikuwa nasaidia tu. Nipe neno langu."

Mwalimu alifumba macho, akarudi nyuma ya kaunta yake ya zamani. Mgeni amesafiri, chumba hakijasafishwa, unamwambiaje? Maji ya moto yamekatika, unamwambiaje? Sanduku limepelekwa chumba cha mtu mwingine, unamwambiaje? Neno lilikuwepo. Alikuwa amelisema mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe. Akalichukua na kuliandika ubaoni. Lilikuwa refu hata likafika kwenye mchubuko, likauruka, likaendelea upande wa pili.

"Entshuldigun," akasoma.

Dada aliliangalia kama mtu anayeangalia jengo ambalo ameambiwa apande kwa miguu. "Lote hilo ni pole?"

"Lote."

"Si mgonjwa atapona kabla hujamaliza?"

Dada alilikata vipande ili liingie mdomoni: enti, shule, digungu. Alikwenda nalo nyumbani, akalisema akifua, akalisema akipanga vyombo. Jumapili alikuja kumtembelea mke wa Bwana Rudieni, na wawili hao wakalifanyia mazoezi jikoni.

"Shule naipita vizuri, wifi," dada alisema. "Nakwama kwenye digungu."

"Vuta pumzi ukiwa shule," mke wa Bwana Rudieni akamshauri. "Digungu utalikuta mbele, halina pa kwenda."

Wageni walifika Alhamisi mchana. Mkwe alikuwa msichana mrefu mwenye miwani, na kazi yake huko kwao ni kupima watu macho. Dada alimsubiri mlangoni katika gauni lake la sherehe. Alimwambia karibu, akamwambia chumba chake kiko tayari, na msichana akafurahi wazi kabisa, kwa sababu hakutegemea kusikia lugha yake mahali hapo. Kisha dada akalishika sanduku la mkwe wake, akavuta pumzi, akasema, "Enti-shule-digungu."

Kijana aliangua kicheko. Alikuwa amechoka na safari, na hajawahi kusikia neno lile likitamkwa na shule ndani yake. "Mama, digungu ndiyo nini?" akauliza. Alidhani mama anaomba radhi kwa udogo wa nyumba. Mama aliliingiza sanduku ndani. Aliapa moyoni kwamba hatasema tena Kijerumani mbele ya mtoto wake, na kiapo hicho kilileta balaa, kwa sababu kijana ndiye mtu pekee ambaye angeweza kugundua mapema.

Msichana, kwa upande wake, alijibu kwa upole kile ambacho kila Mjerumani hujibu akiambiwa neno lile. Alisema, "Si kitu."

Na "si kitu" dada alikuwa anaijua. Ilikuwa kwenye somo la pili.

Kijana alikuwa na marafiki wa kuwaona na majokofu ya ndugu ya kutengeneza, kwa hiyo mchana alikuwa hayupo, na wanawake wawili walibaki peke yao. Dada hakukaa bure. Mkwe alipong'atwa na mbu, alipewa digungu. Miwani yake ilipofunikwa na mvuke wa chai, alipewa. Alipofagia, alipoamka, aliposoma kitabu kinene, aliposugua sufuria iliyoungua, alipewa, tena kwa mkono begani na macho ya huruma. Na kila mara msichana alijibu, kwa uso uliozidi kuwa na wasiwasi, "Si kitu."

Baada ya siku chache dada alipanda tena zile ngazi. Tulijua ni yeye kwa jinsi mbao zilivyolia.

"Mkwe wangu anaikataa pole yangu," alisema kabla hajakaa.

"Anaikataaje?"

"Nampa pole ya safari, ananiambia si kitu. Safari yote ile, baharini juu kwa juu, si kitu? Nampa pole ya mbu, mguu umevimba, ananiambia si kitu. Mtu anakupa pole, unasema asante. Hata mlevi anasema asante. Kama hanitaki aseme."

Bwana Rudieni alimtuliza, akamwambia pengine binti bado hajazoea. Lakini kesho yake mpwa wake naye alikuja, akamwita pembeni ya ubao, karibu vya kutosha kwa sisi wa benchi la mbele kusikia.

"Mjomba, mama amefanya nini?"

"Amefanya nini kivipi?"

"Mke wangu ana mashaka. Anasema mama anamwomba msamaha tangu tulipofika. Akiamka anaombwa msamaha, akifagia anaombwa msamaha. Anamjibu kwamba hakuna kosa, na mama ndiyo kwanza anazidi kuhuzunika. Amenikataza nisimuulize mama asije akamwaibisha. Lakini wewe ndugu yake, niambie. Kuna kitu ametuficha?"

Niliuona uso wa mwalimu wetu ukibadilika taratibu. Alitazama ubao kama ulikuwa bado una lile neno. Miaka yote ile nyuma ya kaunta hakuwa amempa mgeni pole hata siku moja. Maji yalikuwa baridi na yeye ndiye mwenye maji. Chumba kilikuwa kichafu na yeye ndiye mwenye chumba. Alikuwa akiomba radhi tu. Na dada yake, kwa neno alilompa yeye, alikuwa amekaa wiki nzima akiomba radhi kwa mbu asiowafuga.

Hapo angesema ukweli, mambo yangeisha. Lakini Bwana Rudieni ni mwalimu, na mpwa alikuwa amesimama mbele ya darasa zima. "Niachie mimi," akasema. "Ni jambo dogo la kitaalamu."

Mpwa alipoondoka, mwalimu alitupa zoezi la kunakili, akakaa dirishani kutafuta pole nyingine. Hatimaye akakumbuka. Zamani mgeni mmoja alifariki hotelini, mzee wa watu, na meneja aliwapanga wafanyakazi wote mstari mmoja. Kila mmoja alimshika mjane mkono kwa mikono miwili, akamtazama machoni, akamwambia neno moja fupi. Na mjane, Bwana Rudieni alikumbuka vizuri, alijibu kila mmoja wao, "Asante."

Pole yenye jibu la asante. Alifurahi hata akasahau kusahihisha daftari zetu.

"Bailaidi," alimwambia dada yake jioni. "Fupi. Halina shule. Unamshika mkono hivi, unamtazama machoni, unasema. Atakushukuru, utaona."

"Ulikuwa wapi na neno hili siku zote?"

"Lilikuwa nyuma kidogo," akasema Bwana Rudieni.

Dada alisubiri nafasi nzuri. Ilikuja Jumamosi mchana, mkwe alipotoka chumbani baada ya kuzungumza na mama yake kwenye simu kwa muda mrefu, sikio limemuwia jekundu. Dada aliacha mchele aliokuwa anachambua, akamwendea, akaushika mkono wake kwa mikono miwili, akamtazama machoni.

"Bailaidi," akasema, kwa sauti ile ile ya wodini.

Msichana alibaki amesimama. Rangi ilimtoka. Alimuuliza kitu kwa sauti ndogo, na dada, asiyeelewa swali lakini akiona kwamba safari hii pole imemgusa, aliitikia kwa kichwa na kumkumbatia.

Mkwe alipiga simu kwao. Mama yake, ambaye alikuwa ameagana naye muda mfupi uliopita, alikuwa anapiga pasi na hakuwa na habari ya kufa. Akampigia baba. Akampigia kaka. Akapiga hadi nyumba ya wazee anakoishi bibi yake, wakamwambia bibi yuko bustanini anagombana na mtu. Ndipo akampigia mumewe, analia, na mume akaja mbio mikono yake ina grisi ya jokofu la watu.

"Mama, nani amekufa?"

"Nani amesema mtu amekufa?"

"Wewe. Umempa mkono wa rambirambi."

"Nimempa pole. Sikio lilikuwa limepata moto kwa simu."

Kijana alisimama akiwaza. Mama alipotaja pole, kila kitu kilimfungukia kwa mpigo, digungu na mbu na sufuria. Angeweza kufanya mambo mengi wakati ule. Alichofanya ni kucheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha, akijifuta machozi, akamgeukia mkewe na kumfafanulia kwa Kijerumani safi kwamba hakuna tatizo lolote, mama alikuwa anatafuta neno fulani ambalo watu husemasema huku, neno la adabu tu, halina maana kubwa.

Dada hakuyajua maneno, lakini alimjua mtoto wake, na aliuona mkono wake ukifanya vile, kama mtu anayefukuza inzi. Alirudi kwenye mchele. "Kuanzia leo tafsiri wewe," akasema. "Mimi nimemaliza."

Na kweli alimaliza. Jumapili nzima hakusema neno la Kijerumani, hata lile la karibu. Akitaka kumpa mkwe wake chai, alimwambia mwanawe amwambie kuna chai. Msichana akishukuru, mwana alimwambia mama kwamba ameshukuru. Nyumba ikawa kama ofisi yenye dirisha moja. Msichana, aliyejua sasa kwamba hakuna kosa wala msiba, alijua vilevile kwamba kuna kitu amekivunja, ila hakujua ni kipi. Theluthi ya mwezi ilikuwa imeshakwisha.

Jumatatu kibao cha darasa kiligeuzwa, hapakuwa na somo. Bwana Rudieni alikuwa kwa dada yake. Mkewe alimfuata, ili, kama alivyotueleza baadaye, kuwe na mtu mmoja mwenye akili.

Mwalimu aliwakuta wote uani. Aliomba sanduku la mkwe liletwe.

"La nini, Mjomba?" kijana akauliza. "Niambie nimtafsirie."

"Wewe umeshatafsiri vya kutosha. Kaa."

Sanduku lilipoletwa, Bwana Rudieni alisimama mbele ya msichana, mikono nyuma, kama alivyosimama maisha yake yote. Alianza kwa Kijerumani, na kwa kuwa hajui kuanzia kwingine, alianza hivi: "Karibu katika hoteli yetu."

Msichana alimtazama mumewe. Mumewe alitazama juu.

"Mgeni anafika," Bwana Rudieni aliendelea. "Sanduku ni zito. Hoteli haikulifanya zito. Mapokezi hawakulifanya zito. Hakuna kosa. Hakuna malalamiko. Meneja haitwi."

"Meneja haitwi," msichana akarudia, kwa makini.

"Vizuri." Alilinyanyua sanduku kwa shida, akamkabidhi. Lilikuwa bado na vitabu vyake vinene, na bega la msichana likashuka upande mmoja. "Sasa umebeba wewe. Mimi sijabeba. Mikono yangu ni mitupu, tazama. Siwezi kukupokea, labda mgongo unauma, labda mizigo ni mingi. Lakini nimekuona. Nimeona kwamba ni zito." Alitafuta sentensi nyingine, na kaunta haikuwa na nyingine. "Kwetu, hilo lina neno. Pole."

Msichana alisimama na sanduku lake mkononi. Alisema kwamba kwao kuna maneno ya karibu karibu, lakini hakumbuki lolote la kumwambia mtu kwa kubeba sanduku tu. Kisha akauliza, "Na aliyebeba, anajibuje?"

"Asante."

"Asante kwa nini, na hakuna aliyemsaidia?"

Bwana Rudieni aliliwaza swali hilo. Jibu alikuwa nalo, lilikuwa limejaa kifuani, lakini lilikuwa kwa Kiswahili. Akatoa alichokuwa nacho. "Kwa huduma," akasema.

Mkewe aliweka kiganja usoni.

Msichana alimwangalia mama mkwe wake, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda akijifanya anatafuta mawe kwenye mchele uliokwisha kuchambuliwa. Nadhani alikuwa akirudi nyuma siku kwa siku: mbu, mvuke, sufuria, ule mkono begani. Akaliweka sanduku chini. Akamwendea dada, akachuchumaa mbele yake ili macho yao yalingane.

"Pole, mama," akasema, kwa Kiswahili. Kisha akavuta pumzi, akatamka vilevile kama alivyolisikia wiki nzima. "Pole na enti-shule-digungu."

Midomo ya dada ilichezacheza. Alijaribu kuishika, ikamshinda.

"Asante, mwanangu," akasema. "Lilinitesa sana lile, hasa pale mwisho."

Mke wa Bwana Rudieni ndiye aliyeanza kucheka, na safari hii hakuna aliyekasirika. Kijana alitaka kumtafsiria mkewe habari ya mwisho wa neno, lakini msichana alimwonyesha kwa kidole kwamba ameelewa.

Siku zilizofuata tulimwona mkwe huyo mitaani akigawa pole kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Alimpa fundi cherehani pole ya kushona. Alimpa mwenye duka pole ya kuuza. Alimpa jirani aliyenunua viatu vipya pole ya viatu, na dada akamvuta pembeni: "Huyo hongera. Pole subiri vimbane."

Bwana Rudieni alirudi darasani, nasi tukarudi kwenye taulo. Hakutueleza habari ya digungu, lakini tulipofika kwenye neno lile, alisema polepole zaidi kuliko kawaida kwamba ni la mtu mwenye kosa, na akatutazama mmoja mmoja kuhakikisha tumesikia. Ngazi zikalia. Dada aliingia, mikono yake ina maji, hata aproni hakuvua.

"Haraka, nimeacha viazi. Nataka sentensi moja."

"Ipi?"

"Yule binti ananionyesha kwa mikono kwamba mume wake akivua soksi anaziacha hapohapo, akitumia kikombe anakiacha hapohapo. Nataka nimwambie kwamba mwanangu ndivyo alivyo tangu anazaliwa, na nimeshajaribu kila kitu."

Bwana Rudieni alifikiri sana. Mapokezi hawakuwahi kumsema mtoto wa mtu. Mwishowe aliandika ubaoni sentensi moja ndefu, dada akairudia njiani kote ili isimwagike, na mke wa Bwana Rudieni, aliyekuwa jikoni kwa dada akisaidia, ndiye aliyetusimulia jinsi ilivyofika.

Dada aliketi, akachukua kisu chake, akamwambia mkwe wake kwa Kijerumani cha kaunta, neno kwa neno, kwamba lifti hii ina hitilafu hiyo tangu hoteli ilipofunguliwa, na mafundi wote wameshindwa.

Msichana aliacha kumenya. Alimtazama mumewe, aliyekuwa anapita uani na soksi moja mkononi akiitafuta ya pili. Akauliza, taratibu ili mama amfuate, kama hoteli ina lifti nyingine.

Dada alisema hapana, ni hiyo moja tu, na wote wawili wakaendelea kumenya viazi.